Elijah Kimutai Lagat na Panya wa Chumba cha Kushoto

Ndugu, jamaa na marafiki, mlio wa imani yetu na mlio wa imani yenu, familia ya Mzee Kipsang Lagat wa Kabiyet inawashukuru kwa kufika hapa uani pa kanisa, Ruwi, Maskati, leo Jumanne tarehe 22 Agosti 2006, kabla mwili wa ndugu yetu haujapakiwa kwenye ndege ya kwenda nyumbani, na imenipa mimi, Wesley, ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, kazi ya kuwasomea maisha yake. Nitasoma polepole, kwa sababu mengi yamesemwa huko Hamriya na kwenye simu za Nandi, mengine yamenifikia nikiwa juu ya ngazi nikifunga taa za watu, na ni afadhali tuyasikie yote mahali pamoja, kutoka mwanzo, bila kutiwa chumvi.

Elijah alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, Kabiyet, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kipsang, aliyetangulia, na Mama Peninah, ambaye yuko nyumbani anamsubiri, na mama anasema kwamba alipozaliwa hakulia, alifungua macho akawatazama waliokuwamo chumbani mmoja mmoja, mpaka mkunga akaona vibaya akampiga kofi ili alie kama watoto wengine. Baba yetu alimfundisha mapema jambo ambalo sisi wengine hatukulishika, nalo ni kusimama kando ya ng'ombe anapokunywa maji na kusikiliza jinsi anavyomeza, maana mnyama mgonjwa hujulikana kooni kabla hajajulikana machoni. Alisoma shule ya msingi pale kijijini hadi mwaka 1975, akaendelea na sekondari Kapsabet hadi 1979, kisha akaingia chuo cha afya ya mifugo Kabete, alikohitimu mwaka 1982, na kwa miaka kumi baada ya hapo alitunza wanyama wa utafiti kule Muguga, mpaka kazi zilipopunguzwa naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Phyllis Jepkosgei, huyu mnayemwona amekaa mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mike aliyezaliwa mwaka 1990 na Stacy aliyezaliwa tarehe 12 Juni 1994, miezi mitano baada ya baba yake kuja Maskati, hivi kwamba Stacy alimjua baba kwa sauti ya simu kwanza, na walipoungana hapa mwaka 1996, katika ile nyumba ya Hamriya juu ya duka la mshonaji, alimzunguka siku nzima akimkagua kama mgeni aliyevaa sauti ya mtu anayemfahamu.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa Qurum, kwa Bibi Jawaher, mzaliwa wa Unguja, ambaye tunamshukuru kwa kufika ingawa miguu inamsumbua, na ambaye alimwajiri kutunza farasi wawili wa marehemu mumewe, lakini alipogundua kwamba kijana anasema Kiswahili na mkono wake hautetemeki, akamkabidhi na dele, lile birika la kahawa. Wageni walipojaa majlisi, chumba cha kuwapokea, Elijah alipita na vikombe, na Bibi alikaa nyuma ya pazia akimsahihisha, na maneno yake Elijah aliyarudia nyumbani mpaka watoto wakayaimba, nanukuu: "Anza kulia, mwanangu, kulia daima, hata akikaa sultani kushoto, wewe mkono wako wende kulia." Hayo yalimwingia sana, na miaka mingi baadaye, hata akigawa chapati kwa watu wanne tu, alianza na wa kulia.

Tarehe 1 Oktoba 1995 aliajiriwa katika maabara ya utafiti iliyoongozwa na mpwa wa Bibi Jawaher, Daktari Rahila, akawa msimamizi wa wanyama, pamoja na Bwana Msellem wa Qantab, na hapa naomba uvumilivu wenu, kwa maana bila kueleza kazi ile hamtaelewa maisha wala kifo chake, nami nitaieleza kama alivyonieleza mimi fundi wa umeme. Katika tumbo la kila mmoja wetu kuna kongosho, na ndani ya kongosho kuna vijisehemu viitwavyo visiwa, na wakazi wa visiwa hivyo ni seli zinazotengeneza insulini, ile inayoipa sukari ruhusa ya kutoka kwenye damu na kuingia mwilini ikawe nguvu. Mwili pia una askari wake, ndio kinga, ambao kazi yao ni kumkamata mgeni na kumuua, na askari hao wana wakubwa wao wanaowazuia wasimguse mwenyeji. Daktari Rahila alifuga panya wa ukoo mmoja maalumu, akawapa kirusi cha panya ambacho panya wa koo nyingine hukipokea bila madhara makubwa, na wiki chache baadaye wengi wa wale wa ukoo huu walishikwa na kisukari, kwa njia ambayo wataalamu wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kuiandika.

Lililomsumbua Elijah, na aliniambia mara ya kwanza tukiwa tunakula samaki pale Qantab, nikaacha kula, ni kwamba walipompa panya kirusi kile kile, lakini wakampunguzia askari wake kwa dawa, kirusi kilibaki ndani yake na yeye akabaki mzima, akila, akilala, akijisafisha masharubu. Aliyeachiwa askari wake wote ndiye aliyeugua, na daktari alipovitazama visiwa vyake kwa darubini alivikuta vimejaa askari, wakazi wamekufa, na kirusi chenyewe hakikuwa kimekanyaga humo hata kidogo, kilikuwa kimekaa mbali, kwenye mitoki, zile tezi za kwapani na mapajani, na kwenye wengu. Mwizi hakuingia nyumbani, alipita tu barabarani, na walinzi kwa ule mshtuko wakageuka wakawamaliza wenye nyumba.

Sasa nije kwenye mwaka 1998, ambao watu wameupotosha sana. Ujia wa maabara ile ulikuwa na vyumba viwili vya panya, kulia na kushoto, na Daktari Rahila alikuwa amewaweka panya safi kulia na wenye kirusi kushoto kwa makusudi, kwa kuwa sheria ya kazi ile ni kuwahudumia walio safi kwanza, na yeye aliwajua watu wake, alijua kwamba hakuna mtu aliyelelewa na majlisi za mji huu atakayeingia mahali akaanza kushoto. Mwanzoni mwa Agosti kiyoyozi cha chumba cha kulia kiliharibika, joto la mwezi huo mnalijua, vizimba vikahamishwa kwa haraka, safi wakaenda kushoto na wenye kirusi wakaletwa kulia, ambako joto halikuwadhuru kwa kuwa kiyoyozi kilitengenezwa siku ile ile jioni, kisha kila mtu akaona si lazima kuwasumbua wanyama tena. Vibao vya milangoni vilibadilishwa, watu wakaelezwa, wote wakaitikia.

Ijumaa tarehe 4 Septemba, zamu ikiwa ya Elijah, alitoka Hamriya adhuhuri, maduka yamefungwa, barabara hazina mtu, watu wako msikitini au wamelala, akafika maabara akiwa peke yake, akahudumia chumba cha kulia, kisha akafungua cha kushoto, na kabla hajawasha taa akasikia. Chupa za panya zina mdomo wa chuma wenye gololi ndogo ndani, na panya akilamba maji gololi hugonga, tik, na katika chumba cha panya wazima husikika tik moja hapa na nyingine kule, lakini siku ile chumba kizima kilikuwa kinagonga pamoja, kama meno ya watu wenye baridi, na hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya mkojo. Aliwasha taa akawaona wamesimama kwa miguu ya nyuma, wengi wao wameshika mdomo wa chupa kwa mikono miwili, maranda chini yao yamelowa chapachapa, na alisema kwamba kilichomtisha zaidi ni kuwa hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa kumtazama, maana panya wale walimjua, na siku nyingine zote walikuja mlangoni. Hao walikuwa panya ambao hakuna aliyewagusa kwa sindano.

Alimwita daktari, naye akaja na abaya yake ya nyumbani, akaanza kwa kuuliza, nanukuu, "Nani kawachoma sindano hawa?", na kwa siku kadhaa jibu halikupatikana, na kwa kuwa mwenye funguo alikuwa Elijah, macho yalimwelekea yeye, akaanza kufungasha, maana kazi ikipotea kibali nacho kinapotea, na Stacy alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Aliyemwokoa ni Daktari Rahila mwenyewe, aliyewaita yeye na Bwana Msellem akawaambia waingie kazini kama wanavyoingia siku zote, wasifikiri, waingie tu, nao wakaingia, na wote wawili, wakiwa na ndoo na maranda, chini ya vibao vilivyoandikwa kwa herufi kubwa, wakaelekea kulia. Daktari aliketi kwenye kiti cha ujiani akafunika uso, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema "Basi na mie ningeingia kulia", na habari ya kumfukuza mtu ikaishia pale, kwa kuwa wote, kwa mwezi mzima, walikuwa wakitoka kwa wagonjwa wakiwapelekea wazima kirusi kwa mikono na makoti yao, kwa adabu njema kabisa.

Elijah hakuisahau siku ile, na alikuwa akisema kwamba tangu hapo aliwaelewa askari wa mwili kuliko vitabu vilivyomweleza, kwamba hawana ubaya na mtu, wamefundishwa tu vizuri mno, chumba kimehamishwa nao hawajui. Panya wa chumba cha kushoto walichunguzwa, visiwa vyao vikakutwa kama vya wale wengine, vimejaa askari na havina mwizi, na kazi ikaendelea, ila tangu wakati huo Bwana Msellem hakupenda kuingia chumba kile peke yake siku ya Ijumaa, na Elijah akawa anamshikia zamu.

Kuhusu ugonjwa, mwanzoni mwa mwaka 2001 mafua makali yalipita nyumbani kwao Hamriya, yakamlaza Phyllis, Mike, Stacy na Elijah mwenyewe, wote wakapona, na kufikia Juni hakuna aliyeyakumbuka. Siku moja mezani, saa ya chakula cha mchana, Elijah alimaliza jagi la maji akaomba jingine, na Stacy, aliyekuwa na miaka saba na aliyewahi kupelekwa kuwaona panya, akamwambia "Baba, unakunywa kama panya wako", watu wakacheka, naye akacheka, kisha akaiweka ile glasi mezani taratibu, na Phyllis anasema kwamba hajawahi kuona uso wa mtu ukitulia namna ile. Kesho yake alijipima mwenyewe kwa karatasi ile ile aliyowapimia panya, akaenda hospitali akiwa tayari anajua, na madaktari walipochukua damu wakaikuta na kingamwili, zile alama ambazo askari huziacha wanapokuwa wameshaingia visiwani.

Naomba hapa nisikilizwe vizuri. Kirusi cha panya wale hakimpati binadamu, Daktari Rahila alilithibitisha, akarudia, akamletea hata mtaalamu mwingine amweleze, na kama ni mafua yaliyowaamsha askari wake au ni jambo jingine, hakuna ajuaye, hata wenye elimu hawajui, na aliyewaambia watu wa Hamriya kwamba panya wamejilipiza kisasi ajue kwamba maneno yake yaliifanya familia hii ikae na sufuria za chakula ambacho hakuna aliyekuja kukila. Wale wa nyumbani waliosema kwamba ametupiwa kitu na mtu waliyemtaja kwa jina, nao wakome, Elijah mwenyewe aliomba hivyo, alisema hakuna aliyemtuma mtu, askari ni wake na nyumba ni yake. Bibi Jawaher peke yake alikuja bila kuuliza lolote, akaleta kombe, yaani maji yaliyooshea dua iliyoandikwa kwa zafarani, akamwambia "Kunywa, mwanangu, nnajua wewe mkristo, halina sukari", naye akanywa mbele yake kwa heshima, akamshukuru.

Lakini Elijah hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomla zaidi ya sukari. Alijua kwamba ukoo una sehemu yake katika jambo hili, ndiyo maana walifuga panya wa ukoo mmoja, na alitaka watoto wapimwe zile alama, na Phyllis akakataa, akauliza itamsaidia nini mtoto kuambiwa kwamba kuna askari mlangoni ikiwa hakuna anayeweza kuwaondoa, na Elijah akakiri kwamba dawa iliyowaokoa panya haikuwa ya kumpa mtoto mzima. Walikaa na hilo, wakapendana nalo, wakagombana nalo, mpaka mwaka 2004 ambapo Stacy, akiwa na miaka kumi, aliwaambia kwamba amechoka kuwasikia wakinyamaza, na yeye ndiye mwenye damu, apimwe. Mike alikutwa hana kitu. Stacy alikutwa na alama, na sukari yake iko sawa, na tangu siku hiyo hadi leo iko sawa, yaani askari wamefika mlangoni, na wamesimama, na hakuna ajuaye kama wataingia kesho, au akiwa na miaka hamsini, au kamwe.

Stacy ndiye aliyeomba hili lisomwe, na mama yake amekubali.

Baada ya hapo nyumba ile ilibadilika, kwa maana mtoto akishika kikombe baba yake aliacha kutafuna, akasikiliza koo lake kama tulivyofundishwa kuwasikiliza ng'ombe, na Phyllis akasikiliza, na mimi pia nilipokuja kuwatembelea nilijikuta nasikiliza, wote tumenyamaza mezani tukimsikia mtoto akimeza. Mchana mmoja wa Ijumaa Elijah alipita ujiani kwake akasikia maji, akasimama, akagundua kwamba Stacy amejifungia bafuni anakunywa kwenye bomba, polepole, akiliachia kidogo kidogo lisitoe sauti, ili asisikike. Elijah alilia, aliniambia mwenyewe, alikaa kwenye sakafu ya ujia akalia kama mtoto, kwa kuwa alijiona ni mlinzi aliyekuwa akimmaliza anayemlinda. Kuanzia siku ile, kila Stacy aliponyanyua kikombe, Elijah aligeuza uso akatazama dirishani, hata kama nje hakuna kitu, akaanza kuongea habari za mpira mpaka kikombe kirudi mezani, na Stacy akarudi kunywa mezani na watu.

Tarehe 11 Agosti mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu, sukari ikapanda ikakataa kushuka, akalazwa, na madaktari walifanya yote wanayoyajua. Siku mbili za mwisho alimwambia Phyllis kwamba anasikia chupa zinagonga, na muuguzi akadhani ni dripu, akaisogeza, kisha akaifunga kwa muda, wodi ikawa kimya kabisa, naye bado akasema anasikia, ni chumba kizima, na akauliza nani yuko zamu. Ijumaa tarehe 18 Agosti, adhuhuri, aliuliza Stacy yuko wapi, akaambiwa yuko pale pale kando ya kitanda, anakunywa maji, kwa maana ni kweli alikuwa ameshika glasi, na Elijah, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameweza kunyanyua hata mkono, akageuza uso wake wote upande wa dirisha, na hakuugeuza tena.

Bwana Msellem, aliyekuwa zamu saa hiyo, ameiambia familia kwamba aliingia chumba cha kushoto akakuta panya wote wamekaa upande wa mbele wa vizimba vyao wakitazama mlango, na chupa hazigongi, hata moja, na hazikugonga mpaka karibu na alasiri. Daktari Rahila anasema yawezekana mabomba ya kiyoyozi yaliwatisha. Familia haina maelezo, tumeyasoma kama tulivyopewa.

Kwa niaba ya Mama Peninah, Phyllis, Mike na Stacy, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, tunamshukuru Daktari Rahila na Bwana Msellem, Bibi Jawaher na nyumba yake yote iliyotulisha siku hizi nne, tunawashukuru wachungaji na waumini wa hapa Ruwi, na majirani wa Hamriya, wakiwamo walioacha kuja na leo wamekuja, karibuni tena. Tuna ombi moja. Mtakapopita kumpa Stacy mkono, kama ilivyo desturi mtaanza upande wa kulia, na yeye amekaa kulia kabisa, na kuna joto, na mkononi ana chupa ya maji ambayo tangu tulipoanza hajaifungua kwa kuwa anajua mmekwisha kusikia. Ana kiu tu, kama ninyi. Tafadhali, akiinyanyua, tugeuzeni nyuso zetu sote, tutazame kule ukutani, tuongee habari za mpira.

Elijah, mwana wa mama yangu, zamu yako imekwisha, nasi tumeipokea. Pumzika kwa amani, na askari wako wapumzike.